Imani na chukudu ya usiku

Njia ya Rutshuru inayofika hapa Kanyaruchinya inashuka kutoka Kibumba, na sehemu yake inapita ndani ya Parke ya Virunga. Kuna vijana wanaoishuka usiku na baiskeli na chukudu, wamepakia viazi na mboga, ili wafike soko ya Goma mapema. Wengi hawana taa. Na breki ya chukudu ni kipande cha mpira tu, unakikanyaga na mguu juu ya gurudumu la nyuma.

Ukiwauliza, watakuambia: "Mungu atatulinda." Lakini tarehe 22 Februari 2021 balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa karibu na Kibumba, pamoja na mlinzi na dereva. Ilikuwa mchana, nao walikuwa na magari.

Shetani alimwambia Yesu ajitupe toka juu ya hekalu, Yesu akakataa (Mathayo 4). Kule kukataa ndiyo imani. Ninyi wa migodini munajua: asiye na taa haingii shimoni.

Mama muuzaji wa Goma, pokea mzigo hata saa tatu ya asubuhi. Ndugu wa Kibumba, mupe kijana mkeka alale. Viazi vinaweza kungoja kuche.

Bwana awabariki.