Kwa Mama wa Nyumba: Kitambaa Kikuukuu cha Meza



Mwezi uliopita jirani yetu alitoa sandukuni kitambaa cha meza alichoachiwa na marehemu mama yake. Pamba yake ilikuwa ingali imara, lakini weupe ulikwisha: hapa manjano, pale kijivu. Bintiye akasema: «Mama, tukikate tufanye matambara.» Mama huyo alinyamaza, akakikunja tena. Nasi tukamwambia: Usikikate. Kitambaa kisichoweza tena kuwa cheupe chaweza bado kuwa kizuri. Tutakipa rangi ya kizamani, kama ya pembe ya ndovu, kwa majani ya chai tu.

Fanyeni hivi. Kwanza kifueni kwa sabuni na kukisuuza vema, kwa maana mafuta na wanga huzuia rangi isiingie. Msikianike; kikiwa kibichi hupokea rangi sawasawa. Chemsheni lita 4 za maji, mtie vijiko vikubwa 8 vya majani ya chai, mngoje robo saa, kisha mchuje vizuri, maana jani likibaki litaacha doa. Tumbukizeni kitambaa chote mara moja, mkigeuzegeuze kwa mwiko muda wa nusu saa au zaidi. Kitoeni rangi ikiwa imekolea kuliko mnavyoitaka, kwa kuwa kikikauka hupungua. Kisuuzeni kwa maji baridi, mkianike kivulini.

Mkitaka rangi ya dhahabu, chemsheni maganda makavu ya vitunguu kwa saa moja, nusu ya uzito wa kitambaa. Rangi hiyo hushika vizuri zaidi kitambaa kikiloweshwa kwanza katika maji ya shabu. Chai haihitaji shabu, kwani ina tanini, nayo hushikamana na pamba yenyewe.

Lakini jihadharini. Sufuria ya chuma kitupu hugeuza chai kuwa kijivu. Poliesta haikubali rangi hii. Maji ya Javel huiharibu. Tena, doa la mafuta halifichwi na chai. Pengine huonekana zaidi. Kwa hiyo jaribuni kwanza pembeni, kwani rangi ikiisha kuingia, si rahisi kuitoa.

Jumapili iliyofuata tulikula kwa jirani yetu. Madoa mawili yangali yanaonekana kwa mwenye kutazama sana. Lakini aliyekitandika kitambaa kile, na kukinyoosha kwa viganja vyake, ni yule binti.