Wewe Kazi Yako ni Pumzi

Wenzangu mnaosomea udaktari wa mifugo mtanielewa haraka. Mnaosomea kilimo, misitu na mengine nivumilieni kidogo, maana nyumbani kwenu nako kuna mbwa, na siku moja mtampeleka kwa mmoja wetu.

Mwaka juzi nilipangiwa fildi Mbeya. Kliniki niliyofikia ilikuwa na kitu ambacho wengi wetu tulikuwa tumekiona kwenye slaidi tu: mashine ya nusu kaputi ya kuvuta, ya mtumba, pamoja na mtungi wa oksijeni na chupa ya aisoflureni. Nilipiga nayo picha nikaweka stetasi. Nilijiona nimefika.

Wiki ya pili mama mmoja wa Iyunga alimleta mbwa wake, Suzi, afungwe kizazi. Tulimchoma sindano ya kumlaza, tukampitisha mpira kooni, tukamuunga kwenye mashine. Nikaambiwa, "Kijana, wewe mwangalie mbwa." Nikamwangalia. Ila wakati huohuo nilikuwa nashika taa, nafungua pamba na kupokea simu za wateja.

Katikati ya kazi Suzi akaanza kupumua kwa kusuasua. Nikafanya kama tulivyofundishwa: nikafunga kilango cha kutolea hewa, nikaminya mfuko mara mbili, kifua kikapanda vizuri. Kabla sijakifungua kile kilango nikasikia, "Niletee uzi, uko kabatini." Nikaenda. Uzi haukuwa kabatini, nikaanza kuutafuta.

Niliporudi, mfuko ulikuwa umevimba kama puto la sherehe. Oksijeni ilikuwa inaendelea kuingia na haina pa kutokea. Presha ikajaa kifuani, damu ikashindwa kurudi kwenye moyo. Moyo wa Suzi ulikuwa umesimama, na hatukuweza kuuamsha. Nilipotoka nje, yule mama alikuwa kwenye benchi ameshika kanga ya kumfunikia mbwa wake. Akaniuliza, "Mwanangu, bado tu?" Nikamjibu, "Bado, mama." Nikarudi ndani.

Mashine haikuwa mbovu, na dawa haikuwa mbaya. Kilango nilikifunga mimi, na aliyetakiwa kukifungua alikuwa kabatini anatafuta uzi.

Tusidanganyane, nusu kaputi ya kuvuta ina faida kubwa. Ketamini na zailazini ukishazichoma, mwili wenyewe ndio utakaoamua lini zitaisha. Aisoflureni huingia kwa mapafu na sehemu kubwa hutoka kwa mapafu: ukipunguza, baada ya dakika chache usingizi unapungua. Pia mnyama anapata oksijeni muda wote. Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini hilo si jambo dogo. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari na Iringa haiko mbali na hapo, kwa hiyo kila pumzi ya hewa ya kawaida ina kama asilimia 80 tu ya oksijeni ambayo mbwa wa Dar es Salaam anaipata. Usingizi ukimpunguzia pumzi, akiba yake inaisha mapema.

Lakini gesi hiyohiyo inashusha presha ya damu, inapunguza upumuaji na inaupoza mwili. Asubuhi ya Julai kule Mbeya, paka wa kilo 3 akiwa amenyolewa tumbo juu ya meza ya chuma, huhitaji kuambiwa kitakachompata. Sisi nasi kwa sababu ya baridi tunafunga madirisha, na kama bomba la kutolea gesi nje halipo, tunaivuta wote chumbani, akiwemo dada mjamzito anayesafisha vifaa.

Mwaka uliofuata nilikwenda Iringa. Kliniki ile haikuwa na mashine. Ilikuwa na sindano, mpira wa koo, mfuko wa kuminya kwa mkono na stetoskopu moja. Siku ya kwanza daktari alinikabidhi karatasi na kalamu akaniambia, "Wewe kazi yako ni pumzi. Hata mimi nikikutuma, usiende." Nikadhani utani. Siku ya tatu akanituma mkasi kwa kujisahau. Nikamjibu, "Dokta, niko kwenye pumzi." Akacheka, akaufuata mwenyewe.

Kila baada ya dakika 5 nilikuwa naandika mapigo ya moyo, pumzi, rangi ya fizi na joto. Kwa muda wote niliokaa pale hatukupoteza mnyama mezani. Sisemi sindano ni bora kuliko gesi. Nasema Suzi angekuwa na mtu wa pumzi, leo angekuwa anabweka Iyunga.

Hata wenye vifaa vyote wameliona hili. Uingereza, kati ya 2002 na 2004, walifuatilia mbwa zaidi ya 98,000 na paka zaidi ya 79,000 waliolazwa kwa dawa. Kwa sababu ya nusu kaputi alikufa mbwa 1 katika kila 600 hivi, na paka 1 katika kila 400 hivi. Karibu nusu ya mbwa hao, na zaidi ya nusu ya paka, walikufa upasuaji ukiwa umeshaisha, wengi wao ndani ya saa 3 za kwanza. Ni ule muda ambao sisi tunavua glavu na kuulizana chai iko wapi. Na paka waliofuatiliwa mapigo na oksijeni yao walikuwa na hatari ndogo zaidi.

Najua mtakachosema: watu wenyewe hawatoshi, kliniki ina daktari mmoja na msaidizi mmoja, huyo wa kukaa na pumzi atatoka wapi? Atatoka kwetu. Kila mwaka tunamwagwa mikoani, na wengi wetu tunaishia kushika taa. Kama msaidizi ni mmoja, basi uzi, pamba na mkasi vipangwe mezani kabla mnyama hajalala.

Kwa hiyo naomba tukubaliane mambo machache kabla ya fildi ijayo. Kwanza, tusiombe kuonyeshwa mashine bila kuomba kuonyeshwa namna ya kuikagua: oksijeni imebaki kiasi gani, mfuko unavuja wapi, kilango kiko wazi. Pili, ukifunga kilango, mkono usitoke pale mpaka umekifungua. Tatu, mtu wa pumzi asitumwe, na anakaa na mnyama mpaka ainue kichwa, awe na joto, ameze mate mwenyewe. Haya yote yanahitaji kalamu, saa na ubishi kidogo.

Ubishi ndio mgumu, najua. Mwanafunzi kumwambia daktari "siendi" kwetu ni utovu wa adabu. Mimi nilikuwa na adabu sana siku ile. Nilikwenda kufuata uzi.