Vita Visiwe Kisingizio cha Kumtupa Mchimbaji

Kila vita vinapozuka, wenye migodi huwa wepesi kugundua kwamba sheria za usalama ni mzigo. Hoja yao yajulikana: nchi imo hatarini, madini yanatakiwa upesi, kwa hiyo masharti na yalegezwe kwa muda. Ni hoja yenye sura ya uzalendo, na ndiyo maana watumishi wa serikali, ambao ndio waandishi wa kanuni na misamaha yake, hawana budi kuipima kabla ya kuipiga muhuri.

Tuitazame India. Mwaka 1935 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kuwakataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi migodini, na kufikia mwisho wa 1937 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kuwatoa mashimoni. Vikaja vita. Mwaka 1943 makaa ya mawe yakapungua, reli na viwanda vikawa hatarini kusimama, na serikali ile ile ikaiondoa marufuku. Wanawake wakateremka tena.

Makaa yalipungua kwa nini? Wanaume wengi walikuwa wameihama migodi, wakafuata ujira mnono zaidi katika kazi za jeshi, kama vile ujenzi wa viwanja vya ndege. Dawa yake, kwa mtu yeyote ajuaye hesabu, ilikuwa kumwongezea mchimbaji ujira. Lakini ujira hutoka mfukoni mwa mwenye mgodi, na kulegeza sheria hakumgharimu kitu. Basi ikalegezwa sheria. Tena mwaka huo huo Bengal ilikuwa katika njaa kuu. Mama mwenye watoto wasio na chakula hakuhitaji kuswagwa kwa bakora.

La kusikitisha ni kwamba aliyeitetea hatua hiyo bungeni mwaka 1944 alikuwa Dkt. B. R. Ambedkar, mtetezi mkubwa wa wanyonge, ambaye wakati huo alishika mambo ya kazi katika serikali ile. Alisema ni jambo la dharura, na kwamba wanawake walilipwa sawa na wanaume kwa kazi iliyo sawa. Nia yake hatuitilii shaka. Ila usawa wa ujira haulizuii paa la mgodi kuporomoka.

Marufuku ilirudishwa Februari 1946, ilhali vita vilikwisha 1945. Miezi hiyo ya katikati haikuwa na adui wa kusingiziwa. Mwenye kuandika msamaha wa namna hiyo leo na aanze kwa kuandika tarehe ya kukoma kwake, kisha jina la mkaguzi atakayeteremka shimoni kabla ya wachimbaji.