Acha Kunionyesha Laptopu, Nipe Linki

Watu wangu wa Amagoro, Malaba na Busia, leo nitawaudhi wengine, na ni sawa tu.

Siku hizi hapa kwetu kila kijana wa pili ana "app". Kuna ya bei za mahindi na maharagwe, kuna ya mawakala wa forodha, kuna ya kuitisha boda. Ukimuuliza iko wapi, anafungua laptopu. Ukimwambia akutumie linki ujaribu kwa simu yako, anakutumia picha ya skrini. Ukimpigia saa 4 usiku, anakwambia ngoja kesho, laptopu haina chaji. Sasa hiyo ni app ama ni picha?

Nasema wazi: programu ya wavuti ya Python ambayo haijawekwa kwenye seva haijakamilika. Na lawama kubwa simtupii huyo kijana. Nawatupia wanaomfundisha.

Angalia vile kozi hizi huenda. Miezi 3 ya Python na Django. Siku ya mwisho mwanafunzi anaandika `python manage.py runserver`, ukurasa unatokea kwenye 127.0.0.1, watu wanapiga makofi, picha zinapigwa, cheti kinatolewa. Nimekaa kwenye darasa la namna hiyo, jina silitaji. Neno Linux halikutamkwa hata siku moja. Na 127.0.0.1 maana yake ni "kompyuta hii hii". Mama anayeuza nafaka Malaba hawezi kuiona. Mteja wake wa Tororo, hapo tu ng'ambo, hawezi kuiona. Ni lori limepakiwa vizuri, limefungwa turubai, halafu likaegeshwa uani kwa mwenyewe. Mzigo upo, lakini hakuna aliyeupokea.

Kinachonichoma ni kwamba hata walioitengeneza Django wanasema. Maandishi yao rasmi yanakataza runserver kutumiwa kwa kazi halisi. Ukiwasha Flask, nayo inakuandikia onyo hapo hapo kwenye skrini kwamba hiyo ni seva ya majaribio. Mwalimu analiona, mwanafunzi analiona, wote wanalipita kama tangazo la mwaka jana.

Kwani kazi yenyewe ni gani, hadi ifichwe hivi? Unakodi seva ndogo yenye Ubuntu. Za bei ya chini ni kama dola 5 kwa mwezi, yaani shilingi 650 hivi. Unaingia kwa ssh, unatengeneza mtumiaji wa kawaida badala ya kufanya kila kitu kama root, unaweka funguo za ssh na kuzima kuingia kwa nywila. Unaunda venv ili maktaba za mradi wako zisigongane na za mfumo, kisha unasakinisha yaliyo kwenye requirements.txt.

Halafu kuna wahusika 3, na mtu wa mpakani anafaa kuwaelewa haraka kuliko mtu wa Nairobi. Nginx ndiye afisa wa geti: kila ombi kutoka nje linapita kwake, mlango 80 na 443. Picha na faili za mitindo anazitoa mwenyewe, mengine anayapeleka ndani. Gunicorn ndio wafanyakazi wa ndani, wanaoendesha msimbo wako wa Python. Seva yenye kiini 1 huanza vizuri na wafanyakazi 3. systemd ndiye msimamizi wa zamu: Gunicorn ikianguka anaiwasha tena, mradi umemwandikia `Restart=always`. Ukiongeza `systemctl enable`, seva ikizimwa na kuwashwa huduma inarudi yenyewe, wewe umelala.

Mwisho unaleta cheti cha HTTPS. Let's Encrypt wanatoa bure, kinadumu siku 90, na certbot inakifanya upya yenyewe. Hii si mapambo. Ukitaka kupokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, Safaricom lazima wapate anwani ya kukutumia majibu, anwani inayofikika kutoka intaneti. Hawawezi kutuma majibu kwa 127.0.0.1 yako. Kwa hivyo kijana asiyejua seva hajui pia kupokea pesa. Hapo ndipo mteja anamwambia "app ni nzuri, tutakupigia", na simu hailii.

Najua mtanijibu nini. Wa kwanza atasema, "Siku hizi kuna huduma za kubonyeza tu, Linux ya nini?" Zitumie, sikukatazi. Lakini kumbukeni Heroku, ambayo wengi walifundishwa kama jibu la kila kitu. Novemba 2022 ilifunga huduma yake ya bure. Aliyejua Linux alihamisha mradi wake akaendelea. Aliyejua kubonyeza tu alibaki na kitufe kisichofanya kazi.

Wa pili atasema pesa za seva hakuna. Ya kujifunzia haihitaji hata shilingi. Ubuntu ni ya bure, Nginx ni ya bure, Gunicorn ni ya bure, na unaweza kuendesha Linux ndani ya laptopu yako ya Windows kwa VirtualBox au WSL. Hatua karibu zote nilizotaja zinafanyika darasani, na bando ikiisha baada ya kupakua, kazi inaendelea. Na stima? Ikipotea Amagoro, seva iliyoko Frankfurt haina habari. Hiyo ni sababu ya kuhamia kwenye seva, si ya kuikwepa.

Wa tatu atasema kozi ni fupi. Basi punguza siku 3 za kuchagua rangi za vitufe. Zinatosha kuanza.

Tena kuna hatari kubwa kuliko app kukosa kuonekana. Ni app kuonekana vibaya. Kijana asiyefundishwa hatimaye hujaribu mwenyewe: ananakili amri asizozielewa, anaacha `DEBUG = True`, anapandisha SECRET_KEY kwenye GitHub, na kitu kikikataa anapiga `chmod 777` kama dawa ya kila ugonjwa. Kwa DEBUG, kosa dogo tu linamwonyesha mgeni yeyote njia za faili, vipande vya msimbo na mipangilio yako. Na wageni hawabishi hodi. Fungua seva mpya leo, kesho soma `/var/log/auth.log`, utakuta mashine usizozijua zimejaribu kuingia kama root usiku kucha.

Sasa fikiria ndani ya hiyo hifadhidata kuna nini: nambari za vitambulisho, simu za madereva, namba za malori, nani amelipa nani. Hao ni majirani zetu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5. Aliyekupa cheti hatakuwa kando yako siku hiyo.

Kwa hivyo ombi langu ni moja, na si kubwa. Wenye kozi, msitoe cheti kwa mradi ambao haujakaa hewani siku 7 mfululizo, kwa HTTPS, `DEBUG = False`, seva ikiwa imezimwa na kuwashwa angalau mara 1 mbele ya darasa, na hifadhidata ikiwa imerudishwa kutoka kwa nakala. Mwanafunzi akipita hapo, mpeni cheti na mpige makofi hata usiku kucha.

Na nyinyi wafanyabiashara wa Malaba na Busia mnaoonyeshwa app kila wiki, msibishane na mtu kuhusu Python. Mwambieni awape linki, aende nyumbani, azime laptopu yake. Ikifunguka kwa simu yako saa 8 usiku, ongeeni bei. Isipofunguka, bado hajamaliza kazi, na hela yako ibaki mfukoni.