Deni la duka, kahawa ya chama: hawala inasihi lini?

Mkulima wa Kamachumu, wilayani Muleba, anadaiwa Sh200,000 na mwenye duka. Alikopa mabati. Kahawa yake ya maganda ameshaipeleka chama cha msingi, stakabadhi anayo, ila fedha bado. Mwenye duka amechoka kusubiri, na mkulima anamwambia: "Nenda ukachukue kule chamani."

Kauli hiyo ina jina katika fiqhi: hawala, yaani kuhamisha deni kutoka shingoni mwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Wazee wanaikumbuka hawala ya posta. Ile ilikuwa ya kutuma fedha, neno tu ndilo moja. Katika hadithi ya Abu Huraira, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa mwenye uwezo anayechelewesha kulipa anadhulumu, na kwamba mdai akielekezwa kwa mtu mwenye uwezo, akubali.

Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mkulima na mwenye duka lazima waridhiane. Chama si lazima kiridhie, ingawa Wahanafi wanaitaka ridhaa hiyo. Sharti zito ni jingine: deni linalohamishwa liwe limethibiti na kiasi chake kijulikane.

Hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Tangu msimu wa 2018/2019, serikali ilipoagiza kahawa ipitie ushirika, mkulima hukabidhi kwanza na kulipwa baadaye. Kama kahawa haijauzwa mnadani, bei yake haijulikani. Chama kimeshika kahawa. Hakijadaiwa shilingi kadhaa. Kwa hiyo hawala haijasihi. Kinachowezekana ni uwakala: mkulima anamtuma mwenye duka akampokelee fedha zikitoka, na deni linabaki kwa mkulima mpaka zilipwe. Mnada ukipita na hesabu ikajulikana, tuseme Sh640,000, basi anaweza kuhamisha Sh200,000 kati ya hizo.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Hawala ikishasihi, mkulima yuko huru. Chama kikishindwa kulipa, kwa Shafi mwenye duka hawezi kumrudia. Wahanafi wanamruhusu arudi iwapo aliyehamishiwa amekufa bila mali, au amelikana deni na hakuna ushahidi. Mwenye duka, kabla hujasema "sawa", kiulize chama kwanza.

Kiasi nacho hakibadiliki. Ukisema "nitasubiri chamani, lakini ziwe Sh230,000", hizo elfu thelathini ni riba.

Na butura je? Mtu amenunua kahawa ikiwa bado ua mtini, kisha anataka kumkabidhi mfanyabiashara mwingine wa Bukoba haki yake. Hapa hakuna cha kuhamisha. Mtume alikataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kuiva, na viongozi wa serikali nao wamekuwa wakiipiga marufuku butura. Mwenye shida ya fedha mapema ana njia ya salam: analipwa bei yote siku ya mkataba, na kilo, ubora na tarehe vinatajwa, bila kufunga mkataba kwenye miti ya shamba fulani. Lakini fiqhi ikikuruhusu, bado utaratibu wa nchi wa kuuza kahawa kupitia ushirika unakuhusu. Na mnunuzi wa salam asiihamishe kahawa hiyo kwa mwingine kabla hajaipokea, Shafi hairuhusu.

Ugomvi ukifika mahakamani, deni la biashara huamuliwa kwa Sheria ya Mikataba ya nchi, si kwa fiqhi. Sheria hiyo inakubali mkataba mpya kuchukua nafasi ya wa zamani, wahusika wote wakikubaliana. Kwa hiyo hata Mshafi apate saini ya chama. Andikeni majina matatu, kiasi, tarehe na maneno kwamba deni la awali limekwisha. Kila mmoja abaki na nakala.