Nduthi yangu ilizuiwa langoni, ndani kukiwa na mkutano wa pikipiki

Askari wa langoni alimtazama mwendesha boda aliyenileta, akaitazama pikipiki yake kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma, kisha akasema: "Nduthi haziingii hapa. Shukisha abiria, ugeuze."

Nyuma ya huyo askari, kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, kulikuwa na pikipiki zaidi ya thelathini zimepangwa safu kwa safu. Ulikuwa mkutano wa wamiliki wa pikipiki za zamani. Yaani pikipiki ilikatazwa kuingia kwenye mkutano wa pikipiki!

Mimi nilikasirika. Mwenye nduthi alicheka tu. "Buda, hizo ndizo pikipiki. Hii yangu ni nduthi," akaniambia. Akapokea pesa zake, akasema atanisubiri ng'ambo ya barabara, chini ya mti, maana siku za Jumapili wateja ni wachache.

Niseme ukweli. Nilienda pale nikiwa na maneno yangu tayari. Rafiki yangu wa kazini ndiye aliyenialika, na kichwani nilikuwa nimeshaandika makala ya kuwakejeli wazee wenye chapaa wanaosugua vyuma huku vijana wakihangaika kutafuta kazi. Nilirudi na makala tofauti. Hasira ya langoni bado ninayo, lakini sasa najua vizuri zaidi kwa nini inanikera.

Ndani kulikuwa na kila aina. Triumph Bonneville, ile ya Kiingereza iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1959. BSA, ambayo jina lake linatokana na kiwanda cha silaha cha Birmingham. Walianza na bunduki, wakaja kutengeneza pikipiki. Kulikuwa na Royal Enfield Bullet mbili, na mwenye moja alinipa hadithi ambayo sijaisahau. Wahindi walianza kuiunda Bullet mjini Madras, ambao leo ni Chennai, mwaka wa 1955. Uingereza kwenyewe viwanda vikafungwa kufikia mwanzo wa miaka ya 1970. India wakaendelea, mwaka baada ya mwaka, na leo pikipiki kutoka Chennai zinauzwa huko huko Uingereza. "Waliotunza ndio waliorithi," mzee huyo akaniambia huku akifuta tangi kwa kitambaa.

Nilitarajia majivuno, nikakuta mafundi. Mama mmoja mwenye mvi alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi akikaza cheni ya Honda yake, mikono imejaa grisi. Wazee wawili walikuwa wanabishana kuhusu kabureta kama watu wanavyobishana kuhusu Gor na Ingwe. Kila aliyefika na pikipiki alikuwa na helmeti inayofungwa kidevuni, buti na glavu. Hakuna aliyebeba helmeti kwenye kiwiko kama tunavyofanya sisi mtaani.

Kisha nikafika safu ya mwisho, nikasimama.

Ilikuwa Yamaha DT 125. Tangi lake limepauka, kiti kimeshonwa upya, silensa imepita juu juu ubavuni ili maji ya mtoni yasiingie. Mwenyewe alipiga kiki mara moja, kimya. Akapiga ya pili, ikawaka. Ule moshi wa buluu ulipotoka, ule wa injini inayochoma oili pamoja na petroli, nilirudi Kimilili nikiwa na miaka saba.

Mjomba wangu alikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani. DT ndiyo iliyokuwa ofisi yake, ikiwa na namba ya GK. Alipanda nayo vilima vyenye matope akiwaonyesha watu nafasi ya kupanda mahindi na dawa ya kuweka kwenye ghala. Alipostaafu, pikipiki hiyo ikapigwa mnada pamoja na vyombo vingine vikuukuu vya serikali, naye akainunua. Alinikalisha juu ya tangi, mikono yangu ikishika usukani kati ya mikono yake. Mvua iliponyesha na mtu akaugua usiku kijijini, mlango uliogongwa ulikuwa wa mjomba. Nina binamu wawili waliofikishwa hospitalini juu ya ile pikipiki wakiwa bado matumboni mwa mama zao.

Mwaka wa 2019 nilienda nyumbani likizo. DT ilikuwa imesimama kwenye banda la kuku, tairi hazina pumzi, kuku mmoja akitagia karibu na injini. Nikawaambia watu wa nyumbani kwamba tunafuga takataka. Mnunuzi wa vyuma alipita na mizani yake, na mimi ndiye niliyepatana naye bei. Ilipimwa kwa kilo. Pesa zilizotoka hazikutosha hata kununua simu ya maana. Mjomba hakukataa. Alisimama mlangoni, akatazama ikipakiwa kwenye mkokoteni, kisha akaingia ndani. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Logibuku yake bado iko kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya shule. Karatasi ipo, pikipiki haipo.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Nchi hii ilijengwa juu ya pikipiki za kazi, na sisi vijana ndio tunaoziuza kwa kilo. Chifu alikuwa na moja. Padri alikuwa na moja. Mganga wa mifugo, mwalimu mkuu, mtu wa chanjo, mkaguzi wa kahawa, wote walifika kwa watu juu ya Yamaha, Honda na Suzuki ndogo. Triumph na BSA zina watu wa kuzitunza duniani kote. Ile DT ya Kimilili ilikuwa na watu wa kuitunza mahali pamoja tu, nyumbani kwetu, nasi tukashindwa.

Na usidhani hii ni historia ya wazee peke yao. Karibu na ile DT kulikuwa na Honda CG 125. Mwenyewe, mzee wa maneno machache, alinifafanulia kwamba Honda waliileta mwaka wa 1976 wakiwafikiria watu wa nchi kama zetu: watu wanaobeba mizigo mizito, barabara ni vumbi, fundi yuko mbali na oili haibadilishwi kwa wakati. Wakaondoa mitambo dhaifu, wakaweka injini rahisi ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifungua akiwa na spana chache. Baadaye viwanda vya China vikainakili injini hiyo tena na tena.

"Sasa spea unatoa wapi?" nikamuuliza.

Akanitazama kana kwamba nimeuliza maji hutoka wapi. "Grogan, mwanangu. Kwa watu wa nduthi."

Hapo ndipo nilipokumbuka yule jamaa chini ya mti.

Nilipotoka nilimwonyesha picha ya ile CG kwenye simu yangu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama injini, akasema bila kusita: "Hii si ni injini ya yangu tu?" Yake ni ya Kichina, ya miaka michache tu, imebandikwa vibandiko vya Arsenal. Lakini alikuwa sahihi. Alianza kunitajia ni vipuri gani vinaingiana na vipi havikubali, na fundi gani wa Kariobangi anaweza kuchonga kile kinachokosekana. Alijua mengi kuliko nusu ya tuliokuwa ndani tukipiga picha.

Basi hebu tazama. Pikipiki ya maonyesho inaendelea kuishi kwa sababu ya soko la spea linaloendeshwa na watu wa boda. Injini iliyo ndani ya uwanja na injini iliyozuiwa nje ni ndugu wa ukoo mmoja. Lakini moja ilipigwa picha na nyingine ikaambiwa igeuze.

Najua sababu atakazotoa askari, na pengine walioandaa. Watasema usalama, nafasi, fujo. Sikatai kwamba baadhi ya waendeshaji boda wamejiharibia jina. Tumewaona wakipanda kando ya barabara wanakopita watu, wakibeba abiria watatu, wakikusanyika kwa dakika mbili kuchoma gari baada ya ajali. Lakini huwezi kuwafundisha watu nidhamu ukiwa umewafungia lango. Pale ndani nilisikia mafunzo ya bure ambayo kila mwenye nduthi angefaidika nayo: jinsi ya kutumia breki mbili kwa pamoja, jinsi ya kusoma rangi ya plagi ujue injini inaumwa nini, kwa nini cheni iliyolegea itakuua siku moja kwenye mteremko. Wanaoendesha kwa kujifurahisha Jumapili moja kwa mwezi wanajua hayo. Anayeendesha kila siku kuanzia alfajiri hadi usiku hakuruhusiwa kuyasikia.

Wapo pia watakaonijibu kwamba haya ni mambo ya wenye pesa. Kijana anayelipa kodi ya bedsitter Roysambu atatoa wapi pesa za kufufua chuma cha mwaka wa 1978? Swali ni zuri. Lakini wengi niliozungumza nao hawakununua pikipiki zao wakiwa tajiri. Mmoja alipata yake kwenye banda la shangazi yake. Mwingine aliipata ikiwa vipande ndani ya magunia mawili, akaiunganisha kwa miaka sita, mshahara kwa mshahara. Kilichokuwa ghali ni subira. Tena kuna kazi hapo. Anayejua kurekebisha kabureta, kusuka spoku za gurudumu, kushona kiti na kupaka tangi rangi iliyokaa vizuri hawezi kulala njaa, iwe anahudumia ya kale au ya juzi. Wazee waliokuwa pale walilalamikia jambo moja zaidi ya yote: mafundi wanaozijua hizi injini wanazeeka, na vijana wanaojifunza kwao ni wa kuhesabika kwa vidole.

Mwingine atasema, na hili nalikubali kwa kiasi, kwamba dunia inaelekea kwenye umeme. Nduthi za umeme zimeanza kuwa kitu cha kawaida Nairobi, hazina moshi wala kelele, na mwenye kuendesha hapangi foleni ya petroli. Sawa kabisa. Sisemi turudi kwenye moshi wa buluu kila asubuhi Thika Road. Lakini ndiyo sababu ya kuharakisha. Hizi Boxer na TVS tunazoziona kila kona, zilizowalipia watu karo, zilizowabeba wagonjwa na magunia ya viazi na hata majeneza, nazo zitatoweka. Baada ya miaka thelathini mtoto atauliza nduthi ilikuwaje. Kama tutaendelea hivi, tutamwonyesha video ya TikTok.

Kwa hivyo nina maombi mawili.

La kwanza ni kwa vyama na waandaaji wa mikutano hii. Tengenezeni safu ya pikipiki za kazi. Nairobi tumezoea kuona magari na pikipiki zikishindanishwa kwa usafi na utunzaji pale Ngong Racecourse kwenye Concours d'Elegance, na watu hulipa kwenda kutazama. Hakuna kinachozuia mkutano mdogo kumpa zawadi mwenye boda aliyeitunza yake vizuri kuliko wote, au mzee wa kijijini aliyeleta Suzuki yake ya uchifu ikiwa na vumbi lake. Na jamani, mwambieni askari afungue lango.

La pili ni lako wewe unayesoma haya kwenye matatu. Ukienda nyumbani Desemba, chungulia kwenye banda. Ukikuta chuma kimelala, usiite mtu wa mizani. Uliza kilikuwa cha nani, kilifanya kazi gani, na logibuku iko wapi. Mwagia oili kidogo, kifunike kwa turubai, kiinue tairi zisiguse ardhi yenye unyevu. Hayo hayakugharimu kitu. Kukifufua kunaweza kungoja hadi upate pesa. Kikishayeyushwa kuwa nondo, hakuna pesa itakayokirudisha.

Jioni ile nilimtumia mjomba picha ya DT kwa WhatsApp. Tiki mbili za buluu, kisha kimya cha nusu saa. Halafu akapiga simu. Hakuuliza ni ya nani wala inauzwa ngapi.

"Iliwaka kwa kiki ya ngapi?"

"Ya pili, mjomba."

Akanyamaza kidogo. "Yetu ilikuwa inawaka kwa ya kwanza," akasema.