HATUTAKI UPOLISI WA SIKU MOJA

Ndugu wanachama wa Kitui na Makueni,

Jambo tunalolileta mbele yenu katika karatasi hii si dogo. Twaomba kila mwanachama alisome mpaka mwisho, kisha amsomee na mwenzake aliye lindoni.

Michezo mikubwa yaja. Mwezi wa Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja heshima ya kuandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Sisi pia twapenda mpira, na tulifurahi kama Wakenya wote. Lakini kila mchezo mkubwa unapokaribia, wakubwa huhesabu malango ya uwanja, kisha huhesabu polisi walio nao, wakaona hawatoshi. Hapo ndipo hutafutwa watu wa nje ya polisi, wapewe madaraka ya polisi kwa siku chache: kuzuia watu, kuwapekua, kuwakamata na kuwasukuma nyuma.

Na watu hao ni akina nani? Ni sisi. Ni kijana wa Mwingi, wa Mutomo, wa Kibwezi na wa Wote, ambaye mvua ilimnyima mahindi akapanda basi kwenda Nairobi kutafuta kazi ya ulinzi. Usiku anasimama mlangoni mwa duka la tajiri, na Jumapili anaambiwa apande lori aende uwanjani. Hakuna aliyemwuliza kama anataka, wala aliyemwambia atakuwa nani akifika huko.

MLANGO UKO WAZI

Msidhani tunapigana na kivuli. Sheria imekwisha kuacha mlango wazi. Sheria ya Polisi ya 2011 ina polisi wa akiba, yaani raia wanaojitolea, ambao wakiitwa kazini hufanya kazi za polisi. Sheria hiyo hiyo yaeleza jinsi polisi wa nchi nyingine wanavyoweza kuombwa kuja kusaidia hapa kwetu. Na Sheria ya Ulinzi wa Binafsi ya 2016 yaruhusu kampuni za ulinzi zitakiwe kushirikiana na vyombo vya usalama vya taifa. Neno "kushirikiana" ni tamu mdomoni. Lakini mlinzi anayeshirikiana na polisi langoni, watu elfu ishirini wakimsukuma, ni mlinzi au ni polisi? Hilo ndilo swali letu, na twataka lijibiwe kabla ya mpira kupigwa, si baada ya mtu kuumia.

YALIYOMPATA MWENZETU

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Makueni, alipelekwa siku moja kwenye uwanja ambao hatutautaja, na kampuni ambayo pia hatutaitaja. Msimamizi akawagawia vizibao vya rangi, akawaambia: "Leo ninyi ni polisi. Asiye na tikiti asipite." Wakacheka, na wengine wakajiona wakubwa.

Saa tisa watu wakafurika. Kijana mmoja akataka kupenya, mwenzetu akamshika, wakavutana, kijana akaanguka na kuvunjika mkono. Baba wa kijana akaenda mahakamani, na aliyeshtakiwa ni mwenzetu peke yake kwa jina lake. Kampuni ikasema: "Tulikutuma kuangalia tikiti, hatukukutuma kukamata mtu." Polisi wakasema: "Huyu si wetu." Kizibao chenyewe kilikuwa kimekwisha kurudishwa stoo jioni ile ile. Mwenzetu akauza ng'ombe wawili kumlipa wakili.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Madaraka ya kuazima ni kama nguo hiyo. Asubuhi unavishwa, jioni unavuliwa, na mbele ya hakimu unasimama uchi.

SHERIA YATOSHA KWA KAZI YETU

Wengine watasema mlinzi asiye na madaraka ni sanamu. Si kweli. Sheria ya Kenya ya mashtaka ya jinai tangu zamani yamruhusu raia yeyote kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, mradi amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Mlinzi anayo ruhusa hiyo kama mwalimu au mkulima. Kwa kazi ya langoni, yaani kuangalia tikiti, kuonyesha watu njia, kufungua mlango wa dharura na kumwita polisi, yatosha kabisa.

Kinachokosekana uwanjani ni mpango mwema. Tarehe 23 Oktoba 2010 watu 7 walikufa katika msongamano langoni kwenye uwanja wa Nyayo, siku Gor Mahia na AFC Leopards walipokutana. Je, watu hao wangepona kama walinzi wangekuwa na pingu? Pingu hazipanui lango. Na Agosti 2025, katika michuano ya CHAN, watu walivunja malango ya Kasarani wakaingia bila tikiti, mpaka wakubwa wa mpira wa Afrika, CAF, wakaamuru watazamaji wapunguzwe hadi 27,000. Tiba yao ilikuwa kupunguza watu na kupanga malango. Hawakusema mlinzi apewe rungu refu zaidi.

MIFANO YA NJE

Wala tusidhani shida hii ni ya Afrika peke yake. Michezo ya Olimpiki ya London ya 2012 ilitegemea walinzi 10,400 wa kampuni moja kubwa, G4S. Majuma mawili tu kabla ya michezo kufunguliwa ikajulikana kwamba kampuni haiwezi kuwatoa wote, na Serikali ya Uingereza ikaita wanajeshi 3,500 wa ziada. Kampuni ilikuwa imeahidi watu ambao haikuwa imewaandaa. Ikiwa tajiri wa London alikosa kuandaa walinzi kwa wakati, je, tajiri wa hapa atawafanya polisi kwa mafunzo ya asubuhi moja?

Katika Kombe la Dunia la 2022 Qatar ilileta askari wa kutuliza ghasia zaidi ya 3,000 kutoka Uturuki. Lakini malangoni, katika jua kali, walisimama pia vijana wa Kenya. Shirika la Amnesty International lilieleza Aprili 2022 jinsi walinzi wa kigeni nchini humo walivyofanyishwa kazi saa 12 kwa siku, siku 7 kwa juma, wengine miezi bila siku ya kupumzika. Askari wa Uturuki walikwenda kwa mapatano ya serikali mbili, wakarudi kwao. Mlinzi wa Kenya alikwenda kwa karatasi ya wakala. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mtu aliyepewa madaraka kwa mapatano na mtu aliyeokotwa tu.

Hata mahakama zetu zimekwisha kulisema jambo hili kwa njia yao. Serikali ilipotaka kupeleka polisi Haiti, Mahakama Kuu iliamua tarehe 26 Januari 2024 kwamba haikufuata katiba na sheria, kwa sababu moja kubwa: hapakuwa na mapatano kati ya nchi mbili kama sheria inavyotaka. Ikabidi mapatano yatiwe sahihi Machi 2024, na polisi wakaondoka Juni. Basi, ndugu, ikiwa kumkopesha polisi kwa nchi nyingine kwahitaji mapatano ya maandishi, kwa nini kumwazima mlinzi wa Kitui kusihitaji hata barua?

RAIA NAYE ANA HAKI

Tusijililie wenyewe tu. Siku nyingine sisi nasi twaenda uwanjani na watoto wetu tukiwa watazamaji. Polisi akimpiga mtu, kuna IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kupokea malalamiko juu ya polisi. Polisi ana namba na ana kituo. Mtu wa kizibao cha siku moja ana nini? Raia ataandika malalamiko yake juu ya nani?

Wazee wetu waliona upolisi wa namna hii. Katika Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, masetla walivaa mavazi ya polisi wa akiba, na Homgadi wakapewa bunduki na ruhusa ya kukamata. Yaliyotendwa usiku yanajulikana. Januari 1955 Gavana Baring akatangaza msamaha ambao uliwafunika na Homgadi waliotenda maovu. Walioonewa hawakupata wa kumshtaki. Hatusemi michezo ni vita. Twasema madaraka yasiyo na daftari la malalamiko huzaa matunda yale yale, yawe ya mwaka mmoja au ya mchana mmoja.

Na jambo hili laja mpaka nyumbani. Uwanja wa Ithookwe ulipokea sikukuu ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2025, na uwanja uliokwisha kupokea taifa utapokea na michezo. Mkusanyiko ukija kwetu, wataletwa watu wa nje wasiojua njia za Kitui, wala kumwelewa mama mzee asemaye Kikamba tu langoni. Twawaheshimu wageni wakija kusaidia polisi. Lakini wasipewe madaraka juu ya watu wasiowajua, bila polisi wa hapa kuwaongoza na kujibu kwa ajili yao.

KWA WENZETU WANAOTAKA

Twajua wapo kati yetu wanaosema: "Acheni tupewe, siku ya mchezo ina posho." Hatuwalaumu. Mtu mwenye karo ya mtoto hachagui shilingi. Lakini piga hesabu, ndugu. Kanuni za mishahara ya walinzi za 1998 zasema juma la kazi ni saa 52 kwa siku 6. Wengi wetu twafanya saa 12 kwa siku, yaani saa 72. Saa 20 zile hatujazimaliza kuzidai, na sasa twaongezewa kazi ya polisi juu yake!

Sheria ya fidia ya 2007 yasema mfanya kazi akifa kazini, wanaomtegemea wapate malipo ya mishahara ya miezi 96. Ukifa langoni ukiwa chini ya amri ya mkubwa wa polisi, nani atakuwa mwajiri wako siku hiyo? Kampuni itaonyesha kidole polisi, polisi wataonyesha kidole kampuni, na mjane wako atazunguka kati ya ofisi mbili na nauli ya kukopa. Posho ya siku moja hainunui hata sanda.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo Chama chataka haya, nayo yaandikwe na kutiwa sahihi kabla mlinzi yeyote hajapelekwa kwenye mchezo:

1. Kazi ya mlinzi uwanjani itajwe kwa maneno wazi. Kukamata watu kwa amri na kutuliza ghasia ni kazi ya polisi waliofundishwa.

2. Serikali ikitaka watu wa ziada wenye madaraka, iwaandikishe yenyewe kwa sheria, iwafundishe, iwape namba kifuani, na iwajibu kwa matendo yao.

3. Mwajiri wa siku ya mchezo atajwe kwa jina, pamoja na bima itakayolipa mtu akiumia au akifa.

4. Saa za ziada zilipwe kama saa za ziada, na usafiri wa kurudi usiku uwe juu ya mwajiri.

5. Mlinzi akishtakiwa kwa jambo alilolitenda kwa amri halali, wakili wake alipwe na aliyetoa amri.

6. Mlinzi anayekataa kazi ya polisi asifukuzwe wala kukatwa mshahara.

Katiba ya Kenya, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki, mazingira mema ya kazi, na kujiunga na chama. Hatuombi hisani.

Mwaka 1938 wazee wa Ukambani walikwenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu kudai ng'ombe waliochukuliwa kwa nguvu. Wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Mbingu alipelekwa Lamu uhamishoni, lakini Serikali ya kikoloni ikarudi nyuma katika jambo la ng'ombe. Hawakuwa na kizibao wala pingu. Walikuwa na neno moja, na hakuna aliyeuza neno hilo kwa posho.

Basi, ndugu, kabla ya mkutano wa tawi, msitie sahihi karatasi yoyote ya "kushirikiana" mnayoletewa na msimamizi. Ileteni kwa katibu wa tawi aisome. Ukiambiwa "leo wewe ni polisi", jibu kwa heshima: "Bwana, niandikie."

UMOJA NI NGUVU.